Presha inashuka, stiki inapanda: uchambuzi wa kisa cha injini moja ya lori

Lori lenyewe ni kichwa cha pua cha Kimarekani, mtumba, kinachovuta trela kati ya bandari ya Dar es Salaam na Lubumbashi. Injini yake ni ya silinda sita mstari mmoja, zaidi ya lita 12, ya kile kizazi ambacho kila silinda ina nozeli yake ya kunyunyizia dizeli, iliyosimama ndani ya hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda), kamshafti (mhimili wenye vinundu) inaisukuma, na kompyuta inaamua ipige lini na kwa kiasi gani. Aina ya injini siitaji kwa sababu haina hatia. Kilichotokea hapa kinaweza kutokea kwenye Series 60 ya Detroit, kwenye N14 ya Cummins, na kwenye injini yoyote ambayo dizeli inapita kwenye njia zilizotobolewa ndani ya hedi, ikatenganishwa na oili kwa oringi za mpira tu.

Dereva aliliingiza kwenye gereji yetu Makambako likiwa na mzigo mgongoni. Maelezo yake kuhusu presha ya oili yalikuwa hivi: "Fundi, asubuhi presha iko juu vizuri tu. Nikianza kuipanda Kitonga inashuka. Nikifika Ilula nikisimama, nikiliacha sailensi, bila kukanyaga mafuta, taa nyekundu inawaka. Nikipiga resi inazima."

Anayeijua barabara ile anajua kwa nini Kitonga ndipo penye ushahidi. Unatoka Ruaha Mbuyuni, bondeni, kwenye joto, halafu unaukabili mlima ukiwa na mzigo kamili, gia ndogo, mwendo wa kutambaa, na upepo wa kupoza rejeta hakuna. Oili ndani ya injini haipati joto kama hilo popote pengine katika safari. Kwa hiyo kabla hatujagusa spana tulikuwa tumeshapata jambo moja: hitilafu inafuata joto, na inaonekana zaidi mzunguko wa injini unapokuwa mdogo.

Dereva alitaja mambo mengine mawili kama mtu anayepiga soga. La kwanza, asubuhi siku hizi linazungushwa sana ndipo liwake. La pili alilisema kwa furaha: "Ila halili oili kama zamani. Sijaongeza hata tone tangu Dar." Lori lenye umri ule, lililozoea kuongezwa oili njiani, limeacha ghafla kula oili. Dereva aliona ni neema. Mimi pale ndipo niliposimamisha kalamu.

Kwanza historia, maana lori lilikuwa limepita mikononi mwa wengine. Sensa ya presha ilishabadilishwa, na taa ikaendelea kuwaka palepale. Kisha oili ilimwagwa yote ikawekwa nzito zaidi, 20W-50 badala ya 15W-40 iliyozoeleka. Presha ikarudi, watu wakashangilia, na safari iliyofuata ikaanza kushuka tena kidogo kidogo. Halafu fundi mwingine akaweka washa, pete ndogo ya chuma, nyuma ya springi ya vali inayodhibiti presha. Asubuhi geji ikasoma juu kuliko zamani, lakini mchana kwenye sailensi haikubadilika hata chembe. Baada ya hapo tajiri akaambiwa kilichobaki ni pampu ya oili na beringi, yaani ovahoo, kufumua injini nzima.

Haya yote ni majaribio, hata kama walioyafanya hawakuyaita hivyo, na kila moja liliacha jibu. Mtu akiyasoma vizuri, nusu ya kazi imekwisha.

Tuanze na washa. Vali ya kudhibiti presha inakaa imefungwa kwa nguvu ya springi. Oili ikifikia presha iliyopangwa, inaisukuma vali, nyingine inarudishwa kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Sasa injini ikiwa ya moto na iko sailensi, presha imeshuka mno kufikia kiwango cha kuifungua vali hiyo. Tayari imefungwa. Kuikaza springi ya vali ambayo tayari imefungwa hakuongezi kitu. Unachopata ni presha kubwa zaidi oili ikiwa baridi na nzito, wakati ambapo hukuhitaji nyongeza, na gasketi ya filta inabeba mzigo usio wake. Ndiyo maana asubuhi geji ilipanda na Ilula haikupanda. Jibu la jaribio lile ni kwamba vali ya kudhibiti haikuwa mgonjwa.

Oili nzito nayo ilisema kubwa zaidi. Kama beringi zimelika, oili mpya ya daraja la 50 (ile namba ya mwisho ya 20W-50, inayoonyesha unene oili ikiwa moto) itainua presha, kweli, lakini itaendelea kuinua, kwa sababu beringi haziliki zaidi ndani ya safari moja kwa kiasi cha kurudisha geji ilipokuwa. Hapa presha ilipona halafu ikaugua upya oili ileile ikiwa ndani. Kilichobadilika kati ya siku ya kwanza na siku ya taa si chuma. Ni oili.

Hapa inabidi niseme kitu ambacho mafundi wengi tunakijua mikononi lakini tunakisahau mbele ya geji. Pampu haitengenezi presha. Pampu inasukuma oili tu, na presha inazaliwa pale oili inapobanwa kupita kwenye nafasi nyembamba kati ya krenki (mhimili mkuu wa injini) na beringi zake, kati ya kamshafti na bushi zake, kwenye njia za roka (vyuma vya juu vinavyosukuma vali na nozeli). Chukua chujio moja, pitisha uji mzito halafu pitisha maji: chujio halijabadilika, lakini maji hayapati upinzani kama uji. Kwa hiyo geji ikishuka kuna maswali matatu. Je, oili inafika kidogo? Je, nafasi zimepanuka? Au oili yenyewe imekuwa nyepesi? Gereji nyingi zinarukia swali la pili kwa sababu ndilo lenye pesa.

Kila kosa lina tabia yake. Vali ya kudhibiti ikikwama wazi, presha inakuwa chini muda wote, hata asubuhi kwenye baridi ya Makambako. Chujio la kufyonzea ndani ya sampu likiziba, presha inayumba au inaanguka pale unapopiga resi, maana pampu inataka oili nyingi na haipati, na hali ni mbaya zaidi oili ikiwa baridi. Bomba la kufyonzea likivuta hewa kwenye oringi yake, presha inachelewa kupanda ukiwasha, na oili inatoka povu. Maji yakiingia, oili inakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Beringi zilizolika na oili iliyokuwa nyepesi zinafanana sana kwenye geji: asubuhi nzuri, jioni mbaya, sailensi mbaya zaidi. Hizi mbili hutazitenganisha kwa macho ya dashibodi. Inabidi uende kwenye stiki, kile kijiti cha kupimia kiwango cha oili.

Tuliliacha lori lipoe, likiwa mahali tambarare, kisha tukavuta stiki. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa karibu upana wa vidole vitatu. Hapo ikaeleweka kwa nini "halili oili". Lilikuwa linakula kama kawaida, ila kuna kitu kingine kilikuwa kinajaza kwa kasi zaidi. Kwenye vidole oili ilitiririka kama ya cherehani, na harufu ilikuwa ya dizeli, si ya kubahatisha.

Pua inadanganya, hasa pua ya fundi ambayo imeshinda kwenye dizeli tangu alfajiri. Kwa hiyo tulidondosha tone la ile oili kwenye karatasi ya kichujio na tone la oili iliyotumika kutoka lori lingine pembeni yake, tukaziacha usiku kucha. La lori lingine lilibaki doa jeusi lenye ukingo. La kwetu lilikuwa na kiini cheusi katikati, na kukizunguka pete pana, ya rangi ya mwanga, inayopitisha nuru. Pete ile ni dizeli iliyokimbia mbele ya oili. Si kipimo cha maabara. Hakikuambii asilimia, lakini kinatosha kuamua ufungue wapi.

Kwa wanaopenda namba: oili ya daraja la 40, kwa viwango vya SAE, lazima iwe na unene wa kati ya 12.5 na 16.3 sentistoki kwenye nyuzi 100 za joto. Daraja la 30 linaanzia 9.3. Dizeli kwenye joto hilo ni nyepesi mno, kwa hiyo asilimia chache tu zinatosha kuishusha oili ya 40 hadi kwenye eneo la 30, na zikizidi unaelekea 20. Injini iliyobuniwa kwa 15W-40 inakuwa inatembea na kitu ambacho mtengenezaji wake hakukiruhusu, tena kwenye Kitonga.

Swali lililofuata lilikuwa kama tuwashe injini kupima presha au tumwage oili kwanza. Mafundi wawili wa gereji hawakukubaliana, na kila mmoja alikuwa na hoja. Kuwasha injini yenye oili iliyochujuka ni kuzisugua beringi kwa makusudi. Lakini bila kipimo cha kabla, baadaye huwezi kusema umeponya nini. Tuliwasha, bila mzigo, kwa sharti kwamba geji ikifika psi 5 (psi ni kipimo cha presha) tunazima. Geji ya mkono ilifungwa moja kwa moja kwenye njia kuu ya oili ya bloko, si kwenye tundu la sensa. Injini baridi: psi 58, shukrani kwa ile washa. Ilipopata moto kamili: psi 7 kwenye sailensi, na psi 23 kwenye mzunguko wa 1,500. Injini nyingi za daraja hili zinadai isipungue psi 10 hivi kwenye sailensi ikiwa moto, na kitabu cha kila injini ndicho mwamuzi. Kompyuta nayo ilikuwa inasoma karibu sawa na geji ya mkono, tofauti ya psi moja hivi. Sensa ilikuwa inasema kweli tangu siku ya kwanza, ile ya zamani na ile mpya.

Tulimwaga. Kitabu kinataka kama lita 36 pamoja na filta. Tulipata lita 41. Hizo lita tano za ziada si dizeli yote iliyoingia, maana katika muda huo injini iliunguza oili yake na dizeli kidogo ikapaa kwa joto kupitia tundu la kupumulia. Kiasi halisi kilikuwa kikubwa zaidi. Filta tuliikata kwa msumeno wa mkono, tukaikunjua karatasi yake juani. Kulikuwa na vumbi la kijivu linalong'aa, laini, na punje chache za rangi ya shaba. Hazikuwa nyingi za kutisha, lakini zilikuwepo. Nitarudi kwenye punje hizo.

Dizeli ina milango michache ya kuingia kwenye oili ya injini kama hii. Upo muhuri wa pampu ya mafuta inayoendeshwa na gia, lakini pampu zile zina kitundu cha kuchuruzisha nje pale muhuri unapokufa, na chetu kilikuwa kikavu, na vumbi lake. Ipo nozeli inayomwaga mafuta ovyo hadi yakaosha ukuta wa silinda, ila hiyo huja na moshi, injini kutetemeka, na silinda moja kuwa baridi kuliko wenzake, na hatukuona dalili hizo. Zilibaki oringi za nozeli. Kila nozeli imezungukwa na dizeli ndani ya hedi, na oringi ya juu ndiyo pekee inayoizuia isipande kwenye chumba cha roka, ambako ikifika inashuka na oili hadi kwenye sampu. Ule uzito wa kuwaka asubuhi ulikuja kueleweka hapa: lori likilala, dizeli inavuja kutoka kwenye hedi, hewa inachukua nafasi yake, na asubuhi starta inazungusha mpaka mafuta yarudi.

Kutafuta nozeli inayovuja huku injini inaunguruma ni kupoteza muda, kwa kuwa roka zinarusha oili kila mahali na kila kitu kinang'aa. Tulifungua kava, tukafuta na kukausha kwa hewa kila tundu la nozeli, tukaziba njia ya kurudishia mafuta, kisha tukaingiza dizeli yenye presha kutoka nje, injini ikiwa imezimwa. Tulitia ndani yake rangi inayowaka chini ya taa ya urujuani, tukazima taa za gereji. Nozeli ya nne ilianza kuchora mstari wa kijani baada ya dakika chache. Ya pili ilikuwa inatokwa jasho tu. Nyingine nne kavu.

Tulipoichomoa ya nne, oringi ya juu ilikuwa imekatwa kipande kidogo ukingoni, mkato safi wenye umbo la mwezi. Mpira uliochoka kwa joto huwa mgumu, bapa, na una nyufa. Huu ulikuwa bado laini. Ulikatwa siku ya kufungwa. Dereva akakumbuka kwamba nozeli zilishawahi kutolewa na kurudishwa kabla matatizo hayajaanza. Mtu aliisukuma nozeli ndani ya tundu kavu, bila kuipaka oili safi, ukingo wa tundu ukauchuna mpira. Hiyo ndiyo hitilafu yote. Kipande cha mpira kidogo kuliko punje ya mchele.

Tulibadilisha seti zote sita. Kuna wanaobadilisha zile mbili zinazovuja tu. Siwaelewi, maana kava limeshafunguliwa na oringi ni kitu cha bei ndogo kuliko gharama nyingine zote za kazi ile. Matundu tuliyasafisha, oringi zikapakwa oili, kila nozeli ikaingia kwa mkono bila kugongwa. Kisha kimo cha nozeli na tapeti (nafasi za vali) zikapangwa upya kwa kipimio, jambo ambalo kwenye injini hizi si hiari.

Ugomvi wa kweli ulikuja baada ya hapo. Kwa tajiri, kisa kilikuwa kimekwisha: oringi zimewekwa, oili mpya iwekwe, gari liende, mzigo unadaiwa Lubumbashi. Nilimpigia simu nikamwambia, "Bosi, naomba nishushe sampu." Akauliza kama ndiyo ile ovahoo aliyotishiwa. Nikamwambia hapana, nataka kuona beringi chache tu. Hoja yangu ilikuwa zile punje za shaba kwenye filta. Beringi ya krenki ina tabaka laini juu, la kijivu, na chini yake tabaka lenye shaba. Vumbi la kijivu linasema tabaka la juu linalika. Punje za shaba zinasema mahali fulani limekwisha. Injini imetembea na oili iliyochujuka katika safari kadhaa, kwenye mlima, na mzigo kamili. Kuiponya presha kwa oili mpya kungeficha hali ya beringi mpaka zinoki, yaani zife kabisa, Zambia, porini. Alikubali kwa shingo upande.

Kwenye bigendi (beringi za fito za pistoni) nusu ya juu ndiyo inayopokea kishindo cha mlipuko, na kwenye meni (beringi zinazobeba krenki kwenye bloko) ni nusu ya chini. Huko ndiko tulikoangalia. Bigendi mbili zilikuwa zimeanza kuonyesha wekundu wa shaba katikati. Meni zilikuwa zimechakaa sawasawa, bila mikwaruzo mirefu. Krenki tuliipima kwa maikromita kila shingo tuliyoweza kuifikia: ilikuwa ndani ya kipimo, duara, bila mchirizo unaoshika ukucha. Kwa hiyo beringi zote zilibadilishwa kwa saizi ya kwanza, injini ikiwa palepale kwenye chesi. Kazi hii inawezekana bila kushusha injini, kofia moja baada ya nyingine, na ni mbali sana na ovahoo. Pampu ya oili tuliifungua ili tu tusilaumiwe. Ilikuwa nzima. Chujio la sampu lilikuwa safi.

Ile washa nyuma ya springi ilitolewa. Oili ikarudi kuwa 15W-40. Kabla ya kuwasha tuliingiza oili kwenye njia kuu kwa pampu ya nje mpaka ikaonekana kwenye roka, kwa sababu beringi mpya zikizunguka kavu hata kwa sekunde chache zinaanza maisha na alama. Geji ya mkono, injini moto kamili, sasa ikasoma psi 21 kwenye sailensi na psi 47 kwenye 1,500. Baridi ilisoma psi 52, chini ya ile ya wakati wa washa, na ndivyo inavyotakiwa.

Naweza kuulizwa: kati ya hizo psi zilizoongezeka, ngapi ni za oili na ngapi ni za beringi? Hatukupima katikati, yaani baada ya oringi na oili mpya lakini kabla ya beringi, kwa hiyo mgawanyo wake haupo. Kwa hali ya zile beringi nilizozishika, ningesema sehemu kubwa ni ya oili.

Lilikuwapo pia suala la mafuta. Tajiri alikuwa ameshaanza kumshuku dereva kwamba ananyonya dizeli njiani, kwa sababu hesabu za tenki hazikuwa zinakutana. Dereva alipoona zile lita 41 alitaka nimpigie bosi simu mbele yake niseme dizeli ilikuwa kwenye sampu. Nilisema nilichokiona: dizeli ilikuwa inaingia kwenye oili, na kiasi chake hakifikii hesabu anayodaiwa. Sehemu yake, ndiyo. Yote, hapana. Wakamalizane wenyewe.

Makubaliano ya mwisho yalikuwa kwamba kila asubuhi, kabla ya kuwasha, dereva apige picha ya stiki na kuituma, na akifika juu ya Kitonga atume picha ya geji ikiwa sailensi. Oili ile ya kwanza ilimwagwa mapema kuliko kawaida, ili mabaki ya uchafu na dizeli iliyokuwa imejificha kwenye kipoza oili yatoke nayo. Safari ya kurudi, juu ya Kitonga, geji ilikuwa psi 19. Stiki ilikuwa imeshuka kidogo chini ya alama ya juu, na dereva akaandika chini ya picha kwamba lori limeanza tena kula oili. Ikitokea stiki ikapanda, hatutaanza na geji wala sensa. Tutaanza na kile kitundu cha pampu ya mafuta, halafu kava la roka.